Shajara ya kusoma: irabu kwanza, kadi baadaye

12 Januari 2025: Tulipoanzia

Mpwa wangu ametimiza miaka sita. Anasoma darasa la awali kwenye shule ya mchepuo wa Kiingereza hapa Tabata, na jioni basi la shule linamshusha kwenye duka langu la steshenari, anakaa nami mpaka dada arudi kutoka kazini. Muda huo nimeamua kuutumia kumfundisha kusoma. Nitaandika kila hatua ikikamilika, na bei zake, ili mzazi au mlezi mwenye mtoto wa namna hii achukue kinachomfaa na aruke kilichotushinda.

Hali ilivyo leo: wimbo wa herufi anauimba wote, kuanzia ei mpaka zedi. Lakini nikimwandikia "kiti" anasoma "kaitai", na "meza" anaisoma "miza". Hakosi akili wala bidii. Anasoma kwa kile alichopewa. Ameambiwa i inaitwa ai na e inaitwa ii, basi akiikuta kwenye neno anaitaja jina lake. Bibi yake kule Mbagala naye amemfundisha "a, be, che, de" ya zamani, kwa hiyo saa nyingine "ba" inageuka "bea". Herufi moja ina majina mawili, na hakuna hata moja ambalo ndiyo sauti inayotakiwa kwenye neno.

Uamuzi: majina ya herufi tunayaweka kando kwanza. Tunaanza na sauti, na katika sauti tunaanza na irabu tano za Kiswahili kwa sababu hazigeuki. A ya "baba" ndiyo a ya "saa" na ndiyo a ya "Tabata". Kiingereza kina herufi hizo hizo tano za irabu, lakini sauti zake ni kama ishirini. Sitaki mtoto aingie kwenye hizo ishirini wakati tano za nyumbani bado zinayumba.

26 Januari 2025: Bango limeshindwa

Nilinunua Kariakoo bango la irabu lenye picha, shilingi 3,000, nikalibandika karibu na mashine ya fotokopi. Siku chache tu akawa analisoma lote. Nikaziba picha kwa karatasi nikaacha herufi peke yake, akanyamaza. Alikuwa anasoma picha. Bango nimelitoa.

Kilichofanya kazi ni kioo kidogo cha mkononi cha shilingi 1,000. Kila sauti ina mdomo wake: a mdomo unafunguka mpaka chini, e unafunguka nusu, i meno yanakaribiana na midomo inavutika pembeni, o midomo inakuwa duara, u inatokeza mbele kama mtu anayepuliza chai ya moto. Anajitazama kwenye kioo, anatengeneza mdomo, sauti inatoka, ndipo namwonyesha herufi. Mpangilio huo ndio uliotusaidia: mdomo, sikio, kisha jicho. Nikianza na herufi, jina la shuleni linawahi kutoka.

Dakika kumi zinatosha. Na asianze akiwa na njaa. Akishuka kwenye basi anakula kwanza, anakunywa maji, anaparamia viti vya wateja kidogo, ndiyo tunakaa.

16 Februari 2025: Panda, penda, pinda, ponda, punda

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ningependa walezi wengine waichukue hata kama wataacha mengine yote.

Kiswahili kimetupa maneno matano yanayotofautiana kwa irabu moja tu: panda, penda, pinda, ponda, punda. Nimetengeneza kadi ya manila yenye ukubwa wa kiganja, p kushoto, nda kulia. Katikati nimepasua kwa wembe mipasuo miwili ya kulala, mmoja juu na mmoja chini, ukapita utepe wa karatasi wenye a, e, i, o, u zilizopangwa kwa kushuka. Unavuta utepe, neno linabadilika.

Utepe wa kwanza ulikuwa wa karatasi ya kawaida, jasho la vidole likaula siku hiyo hiyo. Wa pili niliupitisha kwenye laminesheni, ukawa mgumu kupita kwenye mipasuo, ukakwama. Dawa ni kupasua manila kwa upana wa milimita mbili au tatu kuzidi utepe. Jingine: herufi za kwenye utepe ziachane sana. Nilizibananisha, na kila akivuta kulikuwa na nusu ya e inayochungulia chini ya a, naye akawa anaiuliza hiyo nusu badala ya kusoma.

Kadi ilipokaa sawa, kila neno tulilipa tendo. Panda: anapanda kwenye stuli. Penda: anajikumbatia. Pinda: anakunja karatasi. Ponda: anaponda kitunguu saumu kwenye kinu kidogo cha mama yake, tena kwa nguvu zake zote. Punda: analia kama punda mpaka wateja wa duka la jirani wanageuka.

Kilichokwama ni e na i. Penda na pinda alizichanganya kila mara, na kumrudishia kadi ile ile hakukusaidia. Ikabidi kadi iwekwe mfukoni. Nikawa natamka tu, yeye anafanya tendo: nikisema "pinda" naye akijikumbatia, tunarudi kwenye kioo. Ilionekana wazi kwamba tatizo halikuwa jicho. Ile ii ya shuleni ilikuwa imelichanganya sikio. Sikio liliponyooka, kadi ikarudi na makosa yakapungua sana. Baada ya hapo tumeongeza fremu nyingine: t-nga (tanga, tenga, tinga, tonga, tunga) na ch-ma, ambayo haina neno la i lakini inatoa chama, chema, choma na chuma.

9 Machi 2025: Silabi, na ushauri wa bibi

Hapa nilikwama mpaka nikaenda Mbagala.

Nilikuwa namtenganishia: b, halafu a, unganisha. Anasema "bi... a... bia." Nikimwambia atamke b bila irabu, anashindwa, na kusema kweli hata mtu mzima hawezi kuitoa b peke yake bila kuipa kairabu ka kuegemea. Mama yangu, ambaye ndiye bibi yake, alijifunza kusoma katika miaka ya kisomo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na miaka iliyofuata wanakijiji wakakaa chini ya miembe na ubao mmoja. Nilipomwamkia na kumweleza, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, be che de ni ya kuimba. Kusoma tulisoma ba. B peke yake hatukuwahi kuisoma."

Nimeifuata kama alivyosema, na nimeongeza jambo moja. Tumeanza na konsonanti ambazo sauti yake inaweza kuvutwa: m, n, s, l, f. "Mmmma" inateleza yenyewe mpaka kwenye irabu, haina pa kukatikia. Zile za kupasuka, yaani b, d, k, p, t, zimekuja baadaye, na zimekuja zikiwa silabi nzima, ba be bi bo bu, hazitenganishwi. "Bea" na "bia" zimeisha.

Mama hakukasirika kuambiwa "a, be, che, de" isubiri. Sasa wakikutana wanaimba silabi, na anamkagua kwa dada, dodo na dudu.

6 Aprili 2025: Vibao vya daladala

Vitabu vidogo viwili vya hadithi (shilingi 3,000 kila kimoja) vimekwisha kuzoeleka, anavisema kwa kichwa. Kwa hiyo tumehamia barabarani. Kioo cha mbele cha daladala kimeandikwa kwa herufi kubwa, majina yenyewe anayasikia makondakta wakiyaita kutwa, na hakuna picha ya kuotea.

Tabata ni rahisi, a tatu. Buza, Kimara, Sinza, Temeke zilipita bila shida. Kilichotakiwa kushughulikiwa ni m na n zinazotangulia konsonanti nyingine. "Mbagala" aliisoma "ma-ba-ga-la", maana amezoea kwamba kila konsonanti ina irabu yake. Tulipiga makofi: Mba-ga-la, makofi matatu, mb inatoka pamoja. Lakini "Mnazi Mmoja" m inasimama peke yake na inapata kofi lake: m-na-zi m-mo-ja. Na "mbu" ni fupi, lakini ina makofi mawili, m-bu, ingawa mb yake inafanana na ya Mbagala. Kanuni sikumweleza. Tulipiga makofi tu, akaifuata kwa sikio, kwa sababu maneno yenyewe anayasema tangu ana miaka miwili.

Segerea na Kariakoo zimetufundisha kwamba irabu mbili zikikaa pamoja kila moja inadai nafasi yake: se-ge-re-a, ka-ri-a-ko-o. Hiyo ya mwisho alikuwa anaimeza, anasoma "Kariako". Tukaiweka pamoja na saa, kaa, juu, mzee na choo.

Kuna kundi moja la Kiswahili ambalo nimelitengenezea kadi za kutambua kwa kutupia jicho: na, ni, ya, wa, la, za, kwa. Silabi zake anaziweza, ila alikuwa anasimama kwenye kila moja kuanza upya, na sentensi inakatika hapo. Kadi za njano, manila mbili kwa shilingi 500 kila moja. Tunazimwaga mezani, namtajia, anadaka. Zilishika haraka kuliko nilivyotegemea, na kusoma kwake kumeanza kutiririka.

4 Mei 2025: Kadi za Kiingereza, namna isiyofaa

Shule imeleta orodha ya maneno ya kutambua papo hapo: the, was, said, you, come, they, are, na mengine. Orodha mashuhuri ya aina hii ni ya Mmarekani Edward William Dolch, iliyotoka mwaka 1936. Ina maneno 220 ambayo hayana nomino. Nomino 95 aliziweka pembeni. Maneno hayo yanajirudia sana kwenye vitabu vya watoto wa Kiingereza, na mengi hayatamkwi kama yalivyoandikwa, ndiyo sababu shule zinataka mtoto ayatambue bila kuhangaika.

Njia iliyopendekezwa ilikuwa kuonyesha kadi, kutaja neno, mtoto arudie. Nimeandika kwenye manila nyeupe mbili (shilingi 1,000), kwa makapeni nyeusi ya shilingi 1,000. Baada ya muda alikuwa anazitaja karibu zote. Dada akafurahi, mimi nikawa na wasiwasi kwa jinsi alivyokuwa anazitazama, maana macho yake yalikuwa yanakwenda pembeni mwa kadi. "Said" ilikuwa na alama ya chai kwenye kona. Nikaiandika upya kwenye kadi safi, akaniambia hilo neno hajawahi kuliona. "Was" na "saw" kwake zilikuwa kitu kimoja, na neno lolote lililoanza na th lilikuwa "the".

Ni lile lile la bango, ila safari hii picha ni umbo la neno. Linnea Ehri, mtafiti wa usomaji wa Marekani, ameeleza kwa miaka mingi kwamba neno linakaa kichwani pale herufi zake zinapofungwa kwenye sauti zake; kukariri sura yake hakutoshi. Kadi zote nyeupe nimezikusanya nikazifunga kwa raba bendi.

1 Juni 2025: Vizibo vya soda

Kazi ya kwanza ilikuwa kuchambua orodha. Maneno kama can, it, big, did, at na get yanasomeka kwa sauti zake, kwa hiyo hayahitaji kukaririwa kabisa. Orodha ilipungua palepale.

Hata hivyo irabu zake fupi zilitaka kazi. Kwa mtoto wa Kiswahili, cat na cut zinaingia sikioni kama neno moja, maana sisi a yetu ni moja. Kioo kilirudi mezani. Kwa cat, midomo inavutika kama ya e huku taya likishuka mpaka kwenye a. Kwa cut, mdomo unafunguka kidogo tu na sauti ni fupi. Tunafanya kama tulivyofanya penda na pinda: kusikia kwanza. Ninaweka mbele yake picha ya paka na kipande cha karatasi chenye mkasi, natamka, ananyooshea kidole. Bado hajatulia hapa, na sina haraka naye.

Maneno magumu sasa tunayajenga kwa vizibo, ambavyo muuza soda wa jirani ametupa bure. Natamka "said" polepole. Anasukuma kizibo kimoja kwa kila sauti anayoisikia: s, e, d. Vitatu. Kisha naandika chini ya kila kizibo herufi zake: s chini ya cha kwanza, d chini ya cha mwisho, na katikati "ai". Makapeni nyekundu (shilingi 1,000) inagusa hiyo "ai" tu. Namwambia, hapa umesikia e, lakini Kiingereza kimeandika hivi, kwa hiyo hiki cha katikati ndicho cha kukumbuka. Zilizobaki unazijua.

"Was" ni vizibo vitatu, na a na s zote zinapata nyekundu kwa sababu unasikia o na z. "Come" ni vitatu, nyekundu kwenye o, ambayo inasikika karibu na a yetu, na kwenye e ya mwisho isiyosema kitu. Alishangaa kwamba kuna herufi isiyosema kitu. Akaniuliza, "Mjomba, sasa wameiweka ya nini?" Nikamwambia ukweli, kwamba kwenye neno hili haina kazi anayoweza kuisikia, aione tu.

"The" ilikuwa rahisi kuliko inavyosemwa. Watoto wengi hapa wanasema "ze", lakini sauti ile tunayo: ni dh ya dhahabu. Na th ya three ni th ya thelathini. Nilimtamkisha dhahabu kwanza, kisha the, ikatoka.

Maneno matatu mapya kwa wiki, basi. Shule inaleta zaidi ya hayo. Nilimwendea mwalimu wake nikamweleza, naye akakubali kuniletea orodha mapema ili nipange yapi yaanze. "Was" na "saw" nimezitenganisha kwa wiki kadhaa. Zikifundishwa pamoja zinachanganyikana.

29 Juni 2025: Lugha mbili zimegongana

Kiingereza kilipoanza kushika, Kiswahili kikaanza kuharibika. Mzee amekuwa "mzii". Choo imekuwa "chuu". Tumepita barabarani akasoma kibao, "Kariakuu." Kwa upande wake ana haki: amejifunza see na moon, amekuta ee na oo, akazisoma hivyo hivyo.

Nilijaribu kumwuliza kabla ya kila neno, "hili ni la lugha gani?" Likamchosha, akaanza kunijibu kwa kubahatisha. Nimeacha.

Kinachosaidia ni mambo mawili. La kwanza, rangi na wakati: kadi za njano ni Kiswahili, nyeupe ni Kiingereza, na hazikutani kikao kimoja. Kabla hatujafungua kadi tunaongea kwanza kwa lugha ya kikao hicho, hata sentensi mbili tatu, ili mdomo uwe umeshahamia huko. La pili, makofi yamerudi. Akisoma "chuu" simsahihishi. Nampigia makofi mawili, anajua o mbili zinadai makofi mawili, anarudia mwenyewe: cho-o. Kariakoo ilipona kwa njia hiyo. "Mzee" bado inateleza akiwa amechoka.

Programu ya simu ya kufundisha irabu, ambayo jirani aliniwekea, nimeifuta. Sauti yake ilikuwa inataja majina, ei, ii, ai, na jioni moja tu ilitosha kumrudisha kwenye "kaitai".

20 Julai 2025: Gharama na kinachofuata

Kwa atakayetaka kupanga: bango 3,000 (usinunue), kioo 1,000, manila nne 2,000, makapeni mbili 2,000, vitabu viwili 6,000, laminesheni kurasa sita kwa bei ya dukani kwangu ya shilingi 1,000 kila ukurasa, 6,000. Jumla 20,000. Ukiacha bango na ukafunika kadi kwa selotepu pana badala ya laminesheni, unaweza kuanza kwa chini ya hapo sana. Utepe wa p-nda ndio pekee ninaoona unastahili laminesheni, kwa sababu unavutwa kila siku. Vibao vya daladala ni bure, na maktaba kuu pale Mtaa wa Bibi Titi Mohamed ina sehemu ya watoto. Tutakwenda likizo ijayo, maana vitabu vya hapa amevimaliza.

Anaposimama leo: Kiswahili anasoma sentensi fupi asizowahi kuziona, pamoja na mafungu ya mw, kw, ny na ch. Ng na ng' bado anazichanganya, ngoma na ng'ombe zinatoka sawa. Kiingereza, maneno ya nyekundu anayasoma yakiwa kwenye kadi mpya, kwenye daftari, na kwenye ubao, na hicho ndicho kipimo ninachokitumia: neno likihama mahali likasomeka, limeshika.

Tunaanza na ng' wiki ijayo, kwa sababu inafungua pande zote mbili. Ng' ya ng'ombe ndiyo sauti inayofunga sing, king na long, na ng ya ngoma ndiyo iliyo katikati ya finger. Fremu yake nimeshaikata: makofi na kioo kwanza, kadi ya njano ya Kiswahili, kisha nyeupe siku nyingine. Makapeni nyekundu imekauka, naongeza shilingi 1,000 kwenye hesabu ya juu.